Bob Marley na Mwalimu Wake Ambaye Hakuna Mtu Humchora kwa Mathree

Panda mathree yoyote Ijumaa jioni, iwe ni ya Rongai, Umoja ama Githurai, na usishangae ukimpata Bob Marley amekutangulia. Ako kwa mlango, ako kwa kioo cha nyuma, ako kwa kiti mbele yako na rasta zake zimefika hadi kwa kichwa cha abiria mwingine. Hata kama hujawahi kulipia ngoma yake maishani, unazijua zote. Mathe wako anazijua. Yule buda wa kanisa ambaye husema reggae ni ya wavuta bangi, akisikia One Love anaanza kutingisha mguu pole pole.

Sasa uliza hao hao wasee Joe Higgs ni nani. Utaangaliwa tu.

Usijiskie vibaya, hata mimi sikuwa namjua. Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa usiku, bando imebaki kidogo, nikapatana na hilo jina. Nilivyoendelea kusoma nikaanza kukasirika. Ju huyu Joe Higgs ndiye alimkalisha Bob chini, akiwa kijana mdogo asiye na mbele wala nyuma, akamfunza kuimba. Na si kumfunza ile ya kumwambia pole pole utajua. Alimfunza kupumua, kushika noti, kuandika ngoma ikatoka imesimama. Na hakumtoza hata ndururu.

Tuanzie ocha. Robert Nesta Marley alizaliwa tarehe 6 Februari 1945, kwa kijiji kinaitwa Nine Mile, huko Saint Ann, Jamaica. Ni milimani, watu ni wakulima. Mamake, Cedella, alikuwa msichana wa miaka 18. Babake, Norval Marley, alikuwa mzungu wa Jamaica wa karibu miaka 60. Fanya hesabu mwenyewe. Mzee hakukaa. Alituma pesa kidogo hapa na pale, akapotea, na Bob alikuwa na miaka 10 alipoaga. Kijana akalelewa na mathe na familia ya mathe, hasa babu yake Omeriah Malcolm, mkulima aliyeheshimika na mtu wa dawa za kienyeji. Kwa macho ya kijiji Bob alikuwa mtoto wa rangi mbili asiye na baba, na unajua vile watu wa kijiji huwa hawana breki kwa mdomo.

Akiwa na karibu miaka 12, Cedella akaamua ni kuhamia Kingston kutafuta riziki. Wakaishia Trench Town.

Ukitaka kuelewa Trench Town, fikiria ploti. Nyumba za serikali zimejengwa kuzunguka uwanja mmoja, bomba la maji ni moja, jikoni ni ya wote, choo ni ya wote. Kila mtu anajua jirani anapika nini na anadaiwa na nani. Siri haikai. Lakini pia muziki haufichiki. Mtu akishika gitaa kwa mlango wake, ploti nzima iko ndani ya show, utake usitake. Na redio zilikuwa zinashika stesheni za Marekani kutoka Miami na New Orleans, kwa hivyo vijana wa hapo walikuwa wanakula R&B na soul usiku mzima, ju redio moja ilitosha watu wengi.

Hapo ndipo Bob alikaa na Neville Livingston, yule ulimwengu unamjua kama Bunny Wailer. Walikuwa wanajuana tangu Nine Mile. Babake Bunny na mamake Bob walishikana, wakapata msichana, kwa hivyo hao machali wawili wakawa na sista mmoja katikati yao. Wakaanza kuimba pamoja tu, ile ya kupoteza wakati.

Mathe hakutaka hayo mambo. Yeye alitaka kijana apate kazi ya mkono, akampeleka kwa karakana ya kuchomelea vyuma. Kama wewe ni msanii na mzazi wako amewahi kukuambia muziki haulipi rent, ujue hata mathe wa Bob Marley alisema hivyo. Sasa ona bahati. Kwa hiyo karakana kulikuwa na chali mwingine anaitwa Desmond Dekker, ambaye baadaye alikuja kuwa staa mwenyewe. Siku moja kipande cha chuma kikaingia Bob jichoni. Alipopona, akaona heri njaa ya muziki kuliko upofu wa welding.

Dekker alikuwa amejuana na produsa mmoja, Leslie Kong, na kwa hiyo njia Bob akaingia studio mwaka wa 1962. Ndio alikuwa tu anafikisha miaka 17. Akarekodi Judge Not. Huo ndio mwaka Jamaica ilipata uhuru, Agosti 6, kila mtu yuko juu, kila mtu anataka muziki wa nyumbani. Na bado ngoma ya Bob ikalala. Hakuna aliyeishika. Uiskize leo utaelewa. Kijana ana moyo, ana maneno, lakini sauti inakimbia huku na huku kama kuku aliyefunguliwa.

Sasa turudi kwa ploti, ju kuna mtu wa mtaa wa tatu, Third Street, ambaye alikuwa na dawa ya hiyo sauti.

Joe Higgs alizaliwa Juni 3, 1940. Alikuwa amemshinda Bob na miaka mitano hivi tu. Ukiskia mwalimu unadhani ni mzee wa ndevu nyeupe, kumbe ni msee wa miaka ya ishirini na kitu ambaye angeweza kuwa bro yake mkubwa. Tofauti ni kwamba Joe alikuwa tayari amejipa. Yeye na mwenzake Roy Wilson walikuwa wanaimba kama Higgs and Wilson, na ngoma yao Manny Oh ilikuwa imevuma sana Jamaica karibu 1960. Aliyeitoa ni kijana mmoja wa biashara ya rekodi aliyeitwa Edward Seaga. Weka hilo jina kwa mfuko, tutalihitaji.

Kwa hivyo Joe alikuwa staa. Staa wa mtaa, na hapo ndipo stori yake inanigusa. Msee ametoa hiti, jina liko kwa redio, na bado anaishi pale pale, ploti ile ile, bomba lile lile. Pesa za muziki wa wakati huo Jamaica zilikuwa zinabaki kwa produsa. Msanii alilipwa kitu kidogo siku ya kurekodi na stori ikaisha hapo. Ngoma ikiuza, inauza na ya mwenyewe, na mwenyewe si wewe.

Msee mwingine angekuwa na uchungu afunge mlango. Joe alifungua uwanja wake. Vijana wakawa wanakuja jioni, anawafunza. Bure. Hakuna fomu ya kujaza, hakuna fee. Mimi niliacha college ju ya fee, na wakati mwingine nafikiria kama kungekuwa na Joe Higgs wa kila somo kwa kila mtaa, tungekuwa mbali.

Bob akakuja. Bunny akakuja. Na hapo hapo wakapatana na chali mrefu anaitwa Winston Hubert McIntosh, ambaye wewe unamjua kama Peter Tosh. Peter alikuwa na gitaa na alikuwa anajua kulicheza, kitu ambacho hao wengine wawili hawakuwa nacho. Peter alimwonyesha Bob vile vidole hukaa. Kuna pia msee wa mtaa wa kwanza, Vincent Ford, watu walimwita Tata, ambaye jikoni yake ilikuwa mahali pa Bob kula, kulala na kupiga gitaa. Huyu naye mshike, tutarudi kwake.

Darasa la Joe halikuwa mchezo. Yeye alikuwa anaamini kuimba ni kazi ya mwili kabla iwe ya moyo. Kwanza pumzi. Lazima ujue hewa inatoka wapi na itakwisha wapi, la sivyo utafika katikati ya mstari ukiwa umekauka. Alafu noti. Unaambiwa ushike noti moja, na unaishika hadi iache kutetemeka. Alafu sauti tatu pamoja, na hapa ndipo kazi ilikuwa, ju sauti tatu si watu watatu kuimba kwa wakati mmoja. Kila mtu ana njia yake, na lazima uwaskize wenzako wakati wewe mwenyewe unaimba. Bunny alikaa juu, Peter chini, Bob katikati. Mtu mmoja akikosea, wanarudi mwanzo. Akikosea tena, wanarudi tena. Jirani walikuwa wanalala na hayo masauti.

Na kuna upande wa kuandika. Joe alikuwa anawaambia ngoma lazima iwe na sababu ya kuwepo, mstari wa kwanza ujue wa mwisho unaenda wapi. Yeye mwenyewe alikuwa anaandika kuhusu maisha ya ghetto, njaa, polisi, heshima ya mtu maskini, wakati wasanii wengi wa Jamaica walikuwa bado wanacopy ngoma za mapenzi za Wamarekani. Unaposkia Bob akiimba kuhusu tumbo tupu na mvua, ujue kuna mtu alimpa ruhusa ya kuona hayo ni mambo ya kuimbwa.

Kuna stori ambayo imesimuliwa miaka na miaka, kwamba vijana walipelekwa makaburini May Pen, hapo karibu na Trench Town, saa nane usiku, wakaambiwa waimbe. Fikra ni kwamba ukiweza kuimbia wafu na mizimu gizani bila sauti kukatika, hakuna umati wa watu walio hai utakaokutisha. Ukimwangalia Bob kwa zile video za miaka ya sabini, amefunga macho, ametulia katikati ya watu maelfu, hiyo stori ya makaburini inaanza kuingia akilini.

Joe hakuwaacha waende studio haraka. Baadaye alikuwa anasema aliwafanyisha mazoezi kama miaka miwili kabla aone wako tayari. Miaka miwili, maze. Siku hizi mtu akijifunza kitu Jumatatu, Ijumaa ameshatoa EP na ameweka bango. Lakini hebu fikiria pia upande wa Bob. Alikuwa amesharekodi, amesharushwa chini, na badala ya kulaumu ma-DJ, akarudi kwa ploti kukaa chini ya msee na kuanza na pumzi. Hapo kwangu ndipo Bob Marley alianza.

Mwaka wa 1963 wakawa mbogi kamili: Bob, Bunny, Peter, Junior Braithwaite, na madem wawili, Beverley Kelso na Cherry Smith. Mpiga ngoma mmoja, Alvin Patterson, wanamwita Seeco, akawapeleka Studio One kwa Clement Dodd, yule Coxsone. Wakarekodi Simmer Down, Bob ndiye ameandika, wapigaji wakiwa ni wale wakali wa Skatalites. Ni ngoma ya kuwaambia vijana wa mtaa wapunguze moto, waache kukatana visu. Mwanzo wa 1964 ilikuwa namba moja Jamaica nzima. Linganisha na Judge Not. Ni kama miaka miwili tu imepita, lakini hao ni kama watu tofauti. Sauti zimefungana, hakuna anayekimbia.

Na bado hapo Bob hakuwa ndiye sauti kali. Coxsone alikuwa anaona Junior ndiye alizaliwa na sauti. Junior alienda Marekani 1964, nafasi ya mbele ikabaki wazi, Bob akaishika. Talanta ilipanda ndege, kazi ikabaki.

Coxsone naye alikuwa shule nyingine. Bob hakuwa na pa kulala, Coxsone akamwacha alale kwa chumba cha nyuma cha studio. Kulikuwa na marekodi ya Marekani yamejaa, na kazi ya Bob ikawa kuyaskiza atafute ngoma zinazoweza kugeuzwa. Hapo ndipo alimeza The Impressions, kundi la Chicago la Curtis Mayfield. Sauti tatu za wanaume, laini, zinazungumza kuhusu Mungu na heshima ya mtu mweusi kwa pumzi moja. Wailers walizikopa hadi kwa mifupa. One Love ya kwanza ilitoka 1965 na ndani yake kuna kipande cha Mayfield. Ilipotoka tena 1977 kwa albamu ya Exodus, jina la Mayfield likaandikwa kando ya la Bob. Kumbuka hiyo, ju si kila mwalimu aliandikwa.

Ni huko Studio One pia Bob mwenyewe akawa mwalimu. Coxsone alimpa kundi la kufunza, The Soulettes, na ndani yake kulikuwa na msichana anaitwa Rita Anderson. Wasichana walimwona Bob ni mkali, hacheki, anataka mazoezi tu. Unaona hiyo tabia imetoka wapi. Mwalimu mkali akamwoa mwanafunzi wake Februari 10, 1966, na siku chache hazijaisha akapanda ndege kuenda kwa mamake Delaware, Marekani, kutafuta pesa. Alifanya kazi ya kiwanda. Alikuwa huko wakati Haile Selassie alitua Kingston Aprili 21 mwaka huo. Rita alikuwa barabarani akamwona, akamwandikia mume wake.

Bob aliporudi, mwalimu aliyefuata hakuwa wa sauti. Alikuwa Mortimo Planno, mzee wa Rasta, yule yule aliyepanda ngazi za ndege ya Selassie kutuliza umati uwanja wa ndege. Planno alimpa imani na kitu cha kusema. Alafu 1970 akaingia Lee Perry, kichaa wa studio, ambaye alimwambia aache kuimba kama anaomba ruhusa. Ngoma za wakati huo ni mbichi, besi iko mbele, na ukiuliza ma-fundi wengi wa reggae watakwambia hapo ndipo Bob aliimba vizuri kuliko wakati mwingine wowote. Mimi nakubaliana nao. Ugomvi wa pesa ukawatenganisha, lakini Wailers waliondoka na wale ndugu wawili wa Perry, Aston Barrett kwa besi na Carlton kwa drums, na hao ndio mdundo wa Bob hadi mwisho.

Kufika 1972 Chris Blackwell wa Island Records akawapa pesa wakatengeneze albamu. Catch a Fire ikatoka 1973. Stori ya kutoka hapo unaijua.

Lakini cheki mwaka huo huo wa 1972 Joe Higgs alikuwa anafanya nini. Alikuwa studio akirekodi albamu yake ya kwanza, Life of Contradiction. Ilikuwa iende kwa Blackwell huyo huyo. Ni albamu kali, reggae imekaa karibu na jazz, hadi mpiga gitaa wa jazz kutoka Marekani, Eric Gale, ako ndani. Blackwell akaiskiza, akaona hatajua aiuze vipi, akaiweka kando. Ilikuja kutoka 1975, bila kelele, wakati mwanafunzi wake alikuwa anajaza kumbi London.

Na hapo katikati kuna kitu kilitendeka ambacho mimi sijaweza kukitoa kwa kichwa.

1973 Wailers wamezunguka Uingereza wakipiga show kwa baridi. Bunny akachoka. Chakula hakimfai, baridi haimfai, maisha ya barabarani hayamfai. Akasema Marekani haendi. Sasa bendi ina ziara na imekosa sauti ya tatu. Na zile sauti tatu si kitu unaweza kuokota kwa stage. Nani anajua njia ya Bunny, noti kwa noti, pumzi kwa pumzi?

Aliyemfunza.

Wakamwita Joe. Msee wa miaka 33, ambaye alikuwa staa wakati hao wengine wanaogopa maiki, akakubali kupanda jukwaani kama mwitikiaji wa wanafunzi wake. Walipiga New York, Max's Kansas City, bili moja na kijana mwingine ambaye hakuwa anajulikana sana, Bruce Springsteen. Oktoba wakaingia kwa ziara ya Sly and the Family Stone, wakati huo Sly ni mtu mkubwa ajabu. Baada ya show kama nne wakatimuliwa. Mashabiki wa Sly hawakuelewa hii kitu inaenda pole pole ni nini. Wakabaki Marekani bila ziara na bila mpango, wakajivuta hadi California.

Sijui kama unaona hiyo picha vile naiona. Joe ako hapo nyuma, mkono mmoja kwa percussion, anatazama mgongo wa yule mtoto aliyekuja kwa ploti yake sauti ikiwa inakimbia kama kuku.

Hakukaa. Bob aliendelea, Joe akarudi kwa shughuli zake. Alizunguka na Jimmy Cliff akiongoza bendi yake, akaendelea kufunza vijana. The Wailing Souls, kama unawajua, walipita mikononi mwake pia.

Alafu ikaja ile ya Stepping Razor. Hii ngoma kila mpenzi wa reggae anaijua kama ya Peter Tosh, iko kwa albamu Equal Rights ya 1977. Peter aliivaa hadi ikawa jina lake la utani. Lakini aliyeiandika ni Joe Higgs, miaka mingi nyuma, na rekodi ilipotoka jina lake halikuwepo. Mwanafunzi amechukua ngoma ya mwalimu na kwa karatasi mwalimu hayupo. Ilibidi Joe aende korti ndio atambuliwe kuwa mwandishi wake. Sasa wewe niambie, albamu inaitwa Haki Sawa na mwenye ngoma anatafuta haki yake kwa mawakili. Nampenda Peter sana, lakini hapo hapana.

Linganisha na Tata, yule wa jikoni. No Woman, No Cry ilipotoka 1974, mahali pa jina la mwandishi paliandikwa Vincent Ford. Kuna wanaosema Bob alimpa Tata hiyo ngoma ili pesa ziendelee kuingia Trench Town na sufuria isikauke. Kuna wengine wanasema ilikuwa ujanja wa kukwepa mkataba wa zamani uliokuwa unakula pesa za ngoma zake, kwa hivyo akaandika majina ya marafiki. Bob alikufa bila wosia na hayo mambo yalipelekwa korti miaka ya themanini. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mtu anaweza kumkwepa adui na kumlisha rafiki kwa kalamu moja.

Swali langu ni moja tu. Kama kalamu ilikuwa inaweza kumfikia Tata kwa ajili ya chakula, ilishindwaje kumfikia Joe kwa ajili ya sauti? Si eti Bob alimsahau. Waandishi wakimuuliza, alimtaja Joe kwa heshima kubwa, alikubali bila aibu kwamba huyo ndiye alimfungua. Lakini kumtaja mtu kwa mahojiano ni kitu kimoja, na jina kwa karatasi ni kingine. Mtetezi wa Bob atasema huwezi kumlipa mtu royalty ya kukufunza kupumua, hakuna fomu ya hiyo. Ni kweli, hakuna.

Mengine ya Bob tuyapitie haraka. Desemba 3, 1976 watu wenye bunduki waliingia kwake Hope Road, wakampiga risasi yeye, Rita na meneja wake, na siku mbili baadaye bado akapanda jukwaani. 1977 saratani ikapatikana kwa kidole cha mguu. Aprili 22, 1978 kwa ile One Love Peace Concert, Kingston ikiwa inachinjana ju ya siasa, aliwaita jukwaani mahasimu wawili, Waziri Mkuu Michael Manley na mpinzani wake, akawashikanisha mikono juu ya kichwa chake. Aprili 1980 alikuwa Harare, wakati huo bado Salisbury, Zimbabwe ikizaliwa.

Mei 11, 1981 akaaga Miami. Miaka 36.

Mazishi yalikuwa Kingston, Mei 21, na serikali ilisimama. Aliyetoa hotuba ya mwisho ni Waziri Mkuu mpya wa Jamaica, ambaye pia ndiye yule mpinzani aliyeshikanishwa mkono 1978. Toa lile jina kwa mfuko sasa. Edward Seaga. Msee aliyetoa rekodi ya Joe Higgs karibu 1960 ndiye alisimama kumuaga mwanafunzi wa Joe Higgs kama kiongozi wa nchi.

Joe aliishi miaka mingine kumi na nane. Alihamia Los Angeles, akaendelea kurekodi na kufunza, na saratani ikamchukua naye, Desemba 18, 1999, akiwa na miaka 59. Hakuna mathree nimeona ya Joe.

Lakini ukiwa na bando, fanya hivi. Kuna session Wailers walipiga California Oktoba 31, 1973, baada ya Sly kuwatimua, kwa ajili ya stesheni ya redio KSAN. Ilikaa kwa makabati hadi 1991, ikatolewa kwa albamu inaitwa Talkin' Blues. Vaa earphone, funga macho. Bob ako mbele, umemzoea. Mwache. Skiza nyuma yake, ile sauti iliyokaa mahali pa Bunny, haitetemeki, haimfuniki mtu, inaingia na kutoka kwa wakati wake. Huyo ndiye Joe.